Nilijaza uwanja wa chuo kidogo hapa Dubai, nusu ya mashabiki wangu wakahamia kwa wapinzani

Wakuu, salaam kwenu, mlio kazini na mlio kwenye off.

Hiki kisa nakileta kikiwa bado cha moto. Nilikuwepo, nimepiga kelele mpaka koo likakauka, na nimelia mbele ya watu ninaowafungulia geti kila siku. Atakayesema ni chai, yaani nimetunga, namkaribisha, maandazi yapo.

Kwanza, kabla hamjaanza "mkuu, mkuu", mimi ni dada. Mzaliwa wa Tabora, security guard hapa Dubai, geti la chuo kimoja kidogo huku Al Barsha. Jina la chuo silitaji, msinitafutie balaa na mkate wangu. Ni kachuo kweli. Wanafunzi wake wote wakitoka kwa pamoja hawajazi hata upande mmoja wa food court ya ile mall kubwa.

Pili, mpira kwangu ni ugonjwa. Nyumbani nilikuwa natangaza mechi za mtaani kwa kile kipaza sauti cha mkononi cha muuza dawa ya panya. Tulikuwa tunakiazima kwake Jumamosi jioni akishamaliza biashara. Mama yangu aliona aibu, mimi sikuona.

Sasa, chuo chetu kina timu ya mpira.

Inacheza ligi ya vyuo vidogo vidogo, kwenye uwanja wa nyasi bandia wa kukodi, mtaa wa nyuma. Watazamaji wake walikuwa kocha, dereva wa basi, na paka mmoja wa rangi ya mchanga. Magazeti ya hapa yanaandika ligi za Ulaya, farasi na ngamia. Timu yetu hata matokeo yalikuwa hayatoki. Ukitaka kujua kama tumeshinda, unaangalia nyuso za vijana wakishuka kwenye basi.

Kipa wa timu anaitwa Baraka, kijana wa Sengerema, anasoma mambo ya logistics. Kila asubuhi akipita getini lazima, "Shikamoo dada." Namjibu marahaba, namuuliza amekula nini, ananidanganya kwamba amekula.

Siku moja akapita kimya.

Nikamwita. "We Baraka! Leo salamu umeziacha hosteli?"

Akarudi, macho mekundu. Kumbe Madam Preeti, yule mkuu wa masuala ya wanafunzi, amewaita wachezaji na kuwaambia ukweli. Timu haina anayeitazama, haina gazeti linaloiandika, inakula hela tu. Msimu ukiisha inafutwa, na hela yake itajenga uwanja wa padel, ule mchezo unaofanana na tenisi, maana siku hizi Dubai nzima ni padel.

"Sasa wewe unalilia nini, si utasoma tu?" nikamuuliza.

"Dada, mimi nalipa nusu ada kwa sababu ya mpira. Timu ikifa na punguzo linakufa. Ada nzima mama haiwezi hata akiuza nyumba. Na nikitoka chuoni, viza nayo inakwisha."

Nikaelewa. Timu ikifa, huyu mtoto wa watu anarudi Sengerema bila cheti.

Wakuu, mimi nina hasira za karibu, hilo ninalijua. Muda wa break nilivua kofia nikapanda juu ofisini kwa Madam, na uniform yangu hivyohivyo. Wenzangu getini walidhani nakwenda kuacha kazi.

Nikamwambia, "Madam, watu wakija kutazama timu, bado mtaifuta?"

Akaniangalia. "Watu gani?"

"Watu wangu."

Akacheka, lakini si kwa dharau. Madam Preeti ni mkali ila ni mwadilifu, sitamsingizia. Akasema zimebaki mechi mbili za nyumbani. Nikileta watazamaji, na mwandishi wa habari hata mmoja akaja akaandika, ataongea na wakubwa. Ngoma ruhusa, matusi marufuku.

Nikashuka ngazi. Mdomo umeshaahidi, sasa watu nitawatoa wapi?

Nikaanza na anayelala kitanda cha juu yangu. Atieno, Mkenya wa Kisumu, anafanya kazi hotelini kule Al Mankhool. Nikamwambia alete watu wa kanisa lao. Akasema, "Aki wewe unapenda kujiingiza kwa mambo ya wenyewe." Kisha akachukua simu akaanza kuwapigia. Ndivyo alivyo.

Halafu nikaingia kwenye group la Wabongo wa Dubai. Kule yupo Kaka Shabani, mtu wa Temeke, anaendesha forklift kwenye ghala moja Jebel Ali. Huyu ndiye mwenye ngoma. Akiitisha watu wanakuja. Nikamwomba, akasema, "Dada, mpira tu? Yalla, tuko pamoja."

Mwandishi nilimpata kwenye lile gazeti la bure linalowekwa supermarket pale mlangoni. Msudani mmoja, mpole, anaitwa Mutasim. Nilimpigia mpaka akachoka. Mwishowe akasema, "Inshallah, ya ukhti, nitakuja." Mimi na inshallah za Dubai tunajuana, kwa hiyo nikampigia tena kesho yake.

Na mimi mwenyewe nikasema nitatangaza. Live, kwa sauti tu kwenye simu, maana hapa kumpiga mtu video bila ruhusa yake ni kesi. Sauti haihitaji nionyeshe sura ya mtu. Baraka akatuma link kwao Sengerema, mama yake awe anasikiliza.

Jumapili ya mechi ya kwanza ikafika.

Wakuu, walikuja! Wakenya wametoka kanisani Jebel Ali na nguo zao nzuri. Waganda wapo. Wabongo ndio usiseme, vuvuzela, ngoma, mmoja kaja na sufuria na mwiko. Madam Preeti kakaa kwenye kiti cha plastiki, miwani ya jua, na Mutasim pembeni na kamera yake. Nikajiona nimeweza.

Kisha timu zikatoka.

Hapa niwaeleze wasio Watanzania. Kwetu tuna timu mbili kubwa, moja nyekundu, moja kijani. Sizitaji, mnazijua. Unazaliwa unapewa mojawapo kama jina. Na utani wa hizi timu hauna likizo. Mtani wako akicheza na timu ya kutoka nje ya nchi, wewe unakwenda airport kuwapokea wageni, unawabebea na mabegi.

Sasa chuo chetu kinavaa nini? Nyekundu. Nyekundu tupu, kifuani mpaka soksi.

Na wapinzani siku ile walivaa nini?

Ndiyo. Kijani.

Mimi mwenyewe ni mwekundu wa kuzaliwa. Ile jezi kila siku naiona nzuri tu, haikunijia kichwani hata kidogo kwamba kuna mtu anaweza kuichukia. Hilo ndilo kosa langu, wala sijifichi.

Nilimwona Shabani akisimama. Akaangalia jezi zetu. Akaangalia za wale. Akachukua ngoma yake, akaweka begani, na nusu ya Wabongo wakanyanyuka nyuma yake, wakazunguka uwanja mzima na kwenda kukaa upande wa wapinzani.

Wale wapinzani hawakuwa na shabiki hata mmoja. Kocha wao alisimama akiwatazama kama mtu aliyeletewa pilau ambayo hakuagiza. Baadaye akawagawia maji.

Dakika tisini wakuu, watu niliowaita mimi walipiga ngoma kuwashangilia adui. Baraka akiushika mpira wanamzomea. Siku ile alivaa jezi nyeusi, refa hakutaka afanane na wale wa kijani. Tukatoka sare, lakini kelele zilikuwa zao.

Atieno alinifuata mdomo wazi. "Wueh! Hawa si ni watu wako? Mbona wanatuchezea hivi?"

"Ni jezi," nikamwambia.

"Jezi imewafanya nini?"



Gazeti likatoka katikati ya wiki. Mutasim aliandika vizuri sana. Aliandika kwamba wapinzani wetu wamebarikiwa kuwa na mashabiki wa Afrika Mashariki wanaowafuata mpaka ugenini, na picha ya Shabani na ngoma yake ikawekwa kubwa. Chuo chetu kilitajwa mwishoni, kama wenyeji wa mchezo.

Madam akaniita. Gazeti lipo mezani.

"Hawa ni watu wako?"

"Ndiyo, Madam."

"Basi kwa nini walikuwa wanawashangilia wale?"

Jamani, mwelezeni mtu wa Pune, India, utani wa kwetu, kwa Kiingereza, mkiwa mmesimama. Nilijaribu. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Mechi moja imebaki. Baada ya hapo, khalas."

Nilishuka nikiwa nimevimba. Nikampigia Shabani hapohapo, sikusubiri hata hasira zipoe.

"Wewe Shabani una akili kweli? Kuna mtoto wa watu pale anafukuzwa chuo!"

"Dada, niombe figo nikupe. Usiniombe kushangilia jezi nyekundu."

"Kipa ni Mtanzania mwenzako!"

"Namheshimu. Aivue, tutamshangilia akiwa tumbo wazi."

Nikakata simu. Nikasonya mpaka mwanafunzi mmoja Mfilipino akaniuliza kama naumwa jino.

Nikamfuata kocha, timu ina jezi nyingine? Hakuna. Jezi ya pili ni nyekundu pia, ina mstari mweupe tu. Madam kununua mpya hawezi, nani anainunulia nguo timu inayokufa? Usiku kitandani Atieno ananiambia niwaache hao wa kijani, watu wa kanisa wanatosha. Lakini wenye ngoma ni wale. Wakenya wanashangilia kwa adabu, wanapiga makofi. Uwanja hautikisiki kwa makofi.

Alhamisi Baraka akapita getini anatoka mazoezini, bado amevaa ya mazoezi. "Shikamoo dada."

Nilikuwa namwangalia kifua.

"Baraka, hiyo ndiyo jezi yako ya kila siku?"

"Ndiyo. Ile nyeusi nilivaa kwa sababu ya wale wapinzani tu."

Wakuu, kipa havai rangi moja na wenzake. Mtoto alikuwa amevaa kijani! Kijani cha majani ya chai! Kila siku anapita nayo mbele yangu, na jicho langu jekundu lilikuwa linairuka tu.

Nilipiga kigelegele pale getini. Nimeandikiwa onyo, si kitu.

Nikampigia tena Shabani. Safari hii kwa upole, sauti ya asali. Nikamwambia, "Kaka, sikuombi ushangilie nyekundu. Pale uwanjani kuna mtu mmoja tu amevaa kijani, na amezungukwa na wekundu kumi. Utamwacha peke yake?"

Nasikia forklift inalia pi, pi, pi.

"Kijani ipi?" akauliza.

"Yenyewe."

"Hawamsaidii hao wekundu?"

"Mabeki wabovu, kaka. Mzigo wote anabeba yeye."

Akashusha pumzi. "Basi tutakuja kwa ajili ya kipa. Kipa tu! Wale wengine tunawazomea kama kawaida."

"Zomeeni mpaka mchoke," nikasema. Nilikuwa nishaanza kulia.

Mutasim nilimpigia pia. Akasema, "Ya ukhti, mimi naandika ninachokiona." Nikamjibu, basi njoo uone tena, safari iliyopita uliona nusu. Akacheka. Akaja.

Jumapili ya pili. Wapinzani wamevaa bluu, Mungu si Athumani.

Wabongo wekundu na Wakenya wamekaa pembeni. Shabani na jeshi lake wakaenda moja kwa moja nyuma ya goli la Baraka, wakajipanga. Madam kwenye kiti chake cha plastiki. Mimi simu mkononi, live imewaka, na kwenye orodha ya wanaosikiliza naona Mama Baraka yumo.

Sijawahi kutangaza mechi ya ajabu vile. Tulipofunga bao la kwanza, upande mmoja watu wanarukaruka, na nyuma ya goli wamekunja mikono kama wako msibani. Beki wetu akipoteza mpira, kijani wanashangilia. "Mpitisheni huyo! Mpitisheni tuone kazi!" Halafu Baraka akiudaka, ngoma inapasuka, sufuria inalia, mtu anabebwa juujuu.

Mapumziko timu zikabadilishana magoli. Basi jeshi zima likabeba ngoma likazunguka uwanja kumfuata kipa upande wa pili. Madam akaniuliza wanakwenda wapi. Nikamwambia wanahama na mtu wao. Akacheka mpaka akafuta macho, na nikaona Mutasim anapiga picha bila kupumzika.

Kipindi cha pili wakasawazisha. Bao la kichwa, Baraka hakuwa na la kufanya.

Dakika za mwisho kabisa tukapata kona. Baraka akaangalia benchi. Kocha akampungia mkono aende. Kijana akatoka golini mbio, uwanja mzima, jezi ya kijani inapepea katikati ya wale wekundu. Mimi natangaza mpaka sauti inakatika, "Anakwenda kipa! Mama Baraka, mwanao anakwenda!"

Kona ikapigwa. Akaruka. Akaukosa.

Bluu mmoja akaubutua ule mpira mbele, na mbele hakukuwa na mtu. Tuliuona wote unadunda, unadunda taratibu, mbele ya goli tupu, na Baraka anaukimbiza kwa nyuma mpaka akaanguka. Ukaingia.

Filimbi ya mwisho.

Nilinyamaza. Mtangazaji hatakiwi kunyamaza, lakini neno sikulipata. Baraka amelala kifudifudi kwenye nyasi, mikono kichwani. Nilikuwa najiambia moyoni, basi tena, tumekwisha. Na nilikuwa nasubiri jambo moja zaidi, kwa sababu nayajua ya kwetu. Utani unasema wekundu wawacheke kijani. Kipa wenu huyo! Mlikuja kwa ajili yake, kawafungisha! Ni haki yao kabisa.

Nyuma ya goli nikasikia ngoma. Pole pole. Shabani. Anapiga na kuita, "Ba-ra-ka." Jeshi lake likaitikia, "Ba-ra-ka."

Upande wa pembeni mzee mmoja mwekundu, mpishi wa kambi ya wafanyakazi, mtu mwenye mdomo mchafu kuliko wote group zima, akasimama. Nikajua sasa anaanza. Akafungua mdomo, na akaita, "Ba-ra-ka!" Wekundu wote wakasimama naye. Wakenya wakasimama. Atieno amevua viatu vya kanisani anavigonga kimoja kwa kingine.

Mimi nililia, nasema wazi. Sikuweza kutangaza. Niliinua simu juu kuelekea kwa watu, nikaiacha isikilize yenyewe.

Baraka akanyanyua kichwa. Akakaa kwenye nyasi, akawaangalia, hakuelewa. Baadaye akaanza kuwapigia makofi na yeye, huku kamasi zinamtoka.

Jioni ile ikaingia voice note kwenye simu yangu. Mama Baraka. Mama huyu wiki nzima alikuwa anamwambia mwanae kama mambo magumu arudi tu. Naiandika kama alivyosema.

"Mwanangu mtangazaji, uliponyamaza nilijua mwanangu kavunjika mguu. Nikaanza kuita majirani. Kumbe wanamwimba! Amefungwa halafu wanamwimba? Huko kwenu mna wazimu gani? Mwambie asirudi. Mwambie mama kasema akae hukohuko na hao wendawazimu mpaka amalize chuo."

Nikamchezea Baraka getini. Aliomba nirudie.

Jumatatu gari la Madam likasimama kwenye geti langu, kioo kikashuka. Nikapiga saluti. Akasema amekaa kwenye michezo ya vyuo miaka mingi na hajawahi kuona watu wakimwimbia aliyefungwa. Akasema ameongea na wakubwa. Timu inabaki, na punguzo la ada linabaki. Padel itasubiri. Gazeti la Mutasim lilipotoka baadaye, picha kubwa ilikuwa ya mtoto wetu amekaa kwenye nyasi, na chuo chetu kimetajwa kwanza.

Kabla hajaondoka akaniuliza, "Mwakani tutawanunulia jezi mpya. Tuchague rangi gani ili watu wako wasigombane?"

Nilifikiria, wakuu. Nyeupe ingeondoa maneno yote.

Nikamwambia, "Nyekundu hiyohiyo, Madam. Na kipa abaki na kijani."

Nilichojifunza mimi ni hiki. Timu ndogo haiwezi kusubiri gazeti kubwa liikumbuke, inabidi mtu apige simu na mlango ugongwe. Na watu ukiwaita, usiwaambie waache walivyo mlangoni. Shabani hajabadilika hata kidogo, bado anatuzomea, na ngoma yake ndiyo imemweka Baraka darasani.

Haya, uwanja ni wenu. Kijani najua mmeshanuna, mtasema mimi mwekundu nimependelea upande wangu. Wekeni hoja, nipo kwenye off leo, najibu kila mtu. Na walioko Dubai, hasa huko Jebel Ali: mkipita karibu na kachuo kokote, ulizeni kama kana timu, na inacheza lini.